Sura ya Tano: Hesabu Inayorudi Darasani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasaidizi wa utafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kilifi, pwani ya Kenya, wakiwauliza wazazi maswali kumi kuhusu watoto wao wa umri wa miaka 6 hadi 9. Je, mtoto huyu alichelewa kukaa, kusimama au kutembea kuliko wenzake? Anapata shida ya kusikia? Ukimwambia jambo, anaelewa unachosema? Huwa anashikwa na kifafa au kupoteza fahamu? Anajifunza kufanya mambo kama watoto wa rika lake? Ni maswali ambayo mama anaweza kuyajibu huku akipeta mchele, na hayahitaji mashine wala cheti cha daktari. Watoto zaidi ya 10,000 waliulizwa habari zao kwa njia hiyo. Kisha baadhi yao wakaitwa kwa upimaji wa kina: wale ambao maswali yalionyesha dalili, pamoja na sehemu ya wale ambao hayakuonyesha lolote, ili watafiti wajue maswali yenyewe yanakosea wapi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Kati ya kila watoto 1,000, watoto 61 walikuwa na tatizo la wastani au kubwa la ubongo na mfumo wa fahamu. Waliogundulika na kifafa walikuwa 41 kwa kila 1,000. Waliokuwa na tatizo la kufikiri na kuelewa walikuwa 31. Kusikia, 14. Viungo, watano. Macho, wawili. Mtoto mmoja angeweza kuingia katika makundi mawili au matatu kwa pamoja, ndiyo maana hesabu hizi hazijumlishwi.

Orodha hiyo inafaa kusomwa mara ya pili, polepole, kuanzia chini. Tukitaja mtoto mwenye ulemavu shuleni, wengi wetu tunaona kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe, na shule inayotaka kusifiwa kwa ujumuishi hujenga njia ya mteremko mlangoni. Njia hiyo ni haki na ijengwe. Lakini katika vijiji vile, watoto wengi zaidi waliohitaji msaada waliingia kwa mlango uleule wa wenzao, kwa miguu yao, wakaketi kwenye dawati lilelile, na hakuna aliyeona kitu. Shida yao ilikuwa mahali ambapo jicho la mwalimu halifiki bila kusaidiwa.

Sura hii inahusu watoto wa namna hiyo: wenye usonji, wenye disleksia (ugumu wa kusoma), wenye ADHD (ugumu wa kutulia na kumakinika), na wengine ambao ubongo wao hupokea na kupanga mambo kwa njia isiyo ya wengi. Baadhi yao wana ulemavu kwa maana ya sheria, baadhi hawana. Wote wanakutana na shule iliyojengwa kwa ajili ya mtoto anayeweza kukaa kimya kwa dakika 35, kunakili kutoka ubaoni, na kujibu anapoulizwa. Asiyeweza hupewa jina mapema: mtundu, mzembe, mzito. Huko pwani hupewa na sababu. Mwaka 2015, Joseph Gona na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa kuzungumza na wazazi na wataalamu katika kaunti za Kilifi na Mombasa kuhusu chanzo cha usonji. Walitajiwa pepo, uchawi na laana, sambamba na urithi wa damu, malaria na matatizo ya kujifungua. Nalitaja hili bila kumcheka mzazi yeyote. Mzazi ambaye hakuna aliyempa maelezo atatafuta maelezo, na atayapata kwa wa kwanza atakayemfungulia mlango.

Kwa hiyo takwimu zina kazi. Swali ni takwimu zipi, zikusanywe na nani, na zikishakusanywa ziende wapi. Mimi nina jibu moja, nalo ndilo ninalolitetea katika sura hii nzima: hesabu ya mtoto ina maana pale tu inapomrudia mwalimu wake ikiwa na jambo la kufanya kesho asubuhi. Isiyorudi inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isimfae mtoto kwa lolote. Wakati mwingine humdhuru.

Chukua Kenya yenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Sensa iliyotangulia, ya 2009, ilikuwa imeonyesha asilimia 3.5. Na mwaka 2018, katikati ya hizo mbili, utafiti wa kitaifa ulioongozwa na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ulitoa asilimia 11.4 kwa watoto na vijana wa hadi miaka 21 wenye ulemavu au mahitaji maalumu ya kielimu. Nchi ni ileile. Hakuna muujiza ulioponya watu kati ya sensa na sensa. Kilichobadilika ni swali, mtu anayeulizwa, na kiwango cha ugumu kinachotosha ili mtu aingizwe kwenye hesabu.

Sensa ya 2019 ilitumia maswali mafupi ya Kundi la Washington, jopo la wanatakwimu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Maswali hayo ni sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Anayehesabiwa ni yule ambaye jibu lake ni “ugumu mkubwa” au “hawezi kabisa”. Kwa mtu mzima yanafaa. Sasa fikiria mtoto wa miaka tisa ambaye anaongea vizuri, anakimbia, anavaa shati mwenyewe, lakini hawezi kusoma sentensi moja ikaeleweka. Au msichana mwenye usonji anayejua kwa kichwa namba za matatu zote za njia yao, ila siku ratiba ya darasa ikibadilika hulia hadi jioni. Karani wa sensa anauliza maswali yake sita, mwenye nyumba anajibu “hana shida”, na wote wawili wamesema kweli. Watoto hao hawakuingia kwenye takwimu za nchi.

Kundi la Washington lenyewe liliona pengo hilo. Mwaka 2016, likishirikiana na UNICEF, lilitoa seti mbili za maswali kwa ajili ya watoto tu, moja kwa wenye miaka 2 hadi 4 na nyingine kwa wenye miaka 5 hadi 17. Hapo ndipo yanapoingia mambo yanayomhusu mwalimu: kujifunza, kukumbuka, kumakinika na jambo analolipenda, kukubali mabadiliko katika utaratibu wake, kudhibiti tabia, kupata marafiki, wasiwasi, huzuni. Neno ulemavu halitamkwi hata mara moja katika maswali hayo, na hilo limefanywa makusudi. Mama akiulizwa kama mwanawe ni mlemavu, anasikia majirani. Akiulizwa kama mwanawe hupata ugumu kukubali mabadiliko, anakumbuka Jumapili iliyopita. Ni kwa maswali ya namna hii UNICEF ilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani kuna watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu, yaani mmoja kati ya kila kumi.

Mtu anaweza kusema, basi tuchukue zana bora, tupime watoto wote, kazi imekwisha. Historia inatukataza kwenda mbio hivyo. Zana ya kwanza ya kuwapima watoto kwa ajili ya kuwasaidia ilitengenezwa Paris mwaka 1905, na mambo yaliyoipata yanapaswa kujulikana na kila ofisa wa elimu.

Ufaransa ilikuwa imelazimisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na walimu wakajikuta na wanafunzi ambao hawakuendana na mafunzo ya kawaida. Serikali iliunda tume mwaka 1904, na Alfred Binet, mwanasaikolojia aliyekuwa mmoja wa wajumbe, akatayarisha pamoja na Théodore Simon mfululizo wa mazoezi kutoka mepesi hadi magumu: kufuata kwa macho mwali wa kiberiti, kurudia tarakimu, kueleza tofauti ya vitu viwili. Lengo lake lilikuwa finyu na jema. Alitaka mtoto asipelekwe darasa maalumu kwa sababu tu mwalimu amemchoka, na alitaka anayepelekwa afundishwe vizuri zaidi. Alipinga waziwazi wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika, akatunga mazoezi ya kuimarisha umakini na kumbukumbu kwa watoto hao. Alifariki mwaka 1911.

Wakati huo kipimo kilikwisha kuvuka bahari. Henry Goddard, aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya watoto wenye ulemavu wa akili huko Vineland, New Jersey, alikitafsiri mwaka 1908, na mikononi mwake namba ikawa asili ya mtu, kitu cha kurithiwa na cha kuogopwa. Wahamiaji walipimwa bandarini. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akakipanua mwaka 1916, na kwa miongo iliyofuata shule za Marekani zikakitumia kugawa watoto. Mwaka 1979, katika kesi ya Larry P., jaji wa California alikuta kwamba watoto weusi walikuwa karibu asilimia 10 ya wanafunzi wa jimbo hilo lakini asilimia 25 ya waliowekwa katika madarasa ya “wenye upungufu wa akili”, wakipelekwa huko kwa vipimo vilivyoandaliwa kwa watoto wengine. Kilichoanza kama swali la “tumsaidieje?” kilihukumiwa mahakamani baada ya miaka zaidi ya sabini kikiwa ukuta.

Namba iliyomdhuru mtoto California ilikuwa yake binafsi. Huko Texas mtoto alidhurika kwa namba ya jimbo zima, na kisa hiki kinatugusa zaidi kwa sababu hakuna aliyepima mtoto yeyote vibaya. Mwaka 2004, wakala wa elimu wa jimbo hilo uliweka katika mfumo wake wa kufuatilia utendaji kigezo kimoja kidogo: wilaya ya shule yenye zaidi ya asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu ingepata alama mbaya. Wakati huo jimbo lilikuwa na karibu asilimia 12, na wastani wa nchi ulikuwa karibu 13. Hakuna amri iliyosema “kataeni watoto”. Haikuhitajika. Wakuu wa wilaya wanajua kusoma jedwali la alama. Mwaka hadi mwaka idadi ikashuka, na kufikia 2015 Texas ilikuwa na asilimia 8.5 kamili. Watoto wenye disleksia walielekezwa kwenye programu nyingine zisizo na ulinzi uleule wa sheria, wazazi walioomba upimaji waliambiwa wasubiri kwanza, na wengine wakachoka kuomba. Mwaka 2016 gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hilo. Bunge la jimbo likapiga marufuku kigezo hicho mwaka 2017, na Januari 2018 wizara ya elimu ya Marekani ikatamka kwamba Texas ilikuwa imevunja sheria ya kitaifa ya elimu ya watoto wenye ulemavu, sheria ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1975.

Jedwali la Texas lilikuwa nadhifu. Lilikusanywa kwa wakati, kutoka kila wilaya, likalinganishwa na kuchapishwa. Kila sifa tunayoiomba kwa takwimu za elimu za nchi zetu lilikuwa nayo, ila moja: hakuna mahali ndani yake palipouliza mtoto aliyeomba msaada alipata nini. Huko Kenya, shule hupata fedha za ziada kwa wanafunzi wa mahitaji maalumu waliosajiliwa, na mwaka 2017 usajili wa wanafunzi ulianza kufanywa kwa mfumo wa kompyuta ulioitwa NEMIS. Mfumo unaohesabu ili ulipe una mvuto wake, ama wa kuongeza majina ama wa kuyapunguza, kutegemea bajeti ya mwaka. Anayeusimamia aijue Texas.

Tuingie sasa darasani, maana huko ndiko ninakotaka tukae.

Anza na kusoma. Kiswahili kina neema kubwa kwa mtoto anayejifunza: herufi hufuata sauti, na silabi iliyojulikana leo itasomeka vilevile kesho. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Lakini neema hii huficha disleksia. Katika lugha ambazo tahajia yake ni ya moja kwa moja, kama Kiitaliano, Kijerumani na Kifini, watafiti wameona kwamba mtoto mwenye disleksia hukosea maneno machache. Shida yake huonekana katika kasi. Kiswahili kimo katika kundi hilo la lugha. Mtoto atasoma a-na-wa-ki-mbi-li-a, atafika mwisho salama, na mwalimu atatia vema. Atasoma neno la pili kwa jasho lilelile, na vema ya pili. Akimaliza sentensi amekwisha kusahau ilianza na nani. Kwenye karatasi ya mwalimu ana alama zote. Nyumbani anasema anachukia shule.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anayetaka kumwona mtoto huyu anahitaji saa. Miaka ya 1970 na 1980, Stanley Deno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitengeneza njia ambayo mpaka leo sijaona iliyo rahisi kuipita. Mpe mtoto kifungu cha kiwango chake, asome kwa sauti dakika moja, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, weka nukta kwenye karatasi ya mraba. Rudia kila wiki kwa kifungu kingine cha ugumu uleule. Baada ya wiki kadhaa nukta zinafanya mstari. Mstari ukipanda, endelea unavyofundisha. Usipopanda, badilisha unavyofundisha. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niipende njia hii: mstari uliolala ni habari kuhusu somo, na anayetakiwa kufanya jambo ni mtu mzima. Mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, halinganishwi na yule wa dawati la mbele.

Ni muhimu tu viwango vya Kiingereza visiletwe vikavishwa Kiswahili. Neno letu moja, kama “hatukuwaona”, hubeba sentensi nzima ya Kiingereza. Mtoto wa Lamu anayesoma maneno 30 kwa dakika anaweza kuwa amefanya kazi kubwa kuliko wa London aliyesoma 50. Na kuna makosa ambayo hayana uhusiano na disleksia hata kidogo. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa jinsi watoto wa Tanzania wanavyoendeleza maneno ya Kiswahili, na walionyesha kuwa hata katika lugha yenye tahajia iliyonyooka, kazi hiyo si nyepesi. Mwalimu yeyote wa madarasa ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anamjua mtoto anayebadilishana r na l, au anayeacha h, kwa sababu ndivyo lugha ya kwao inavyotamka. Akihesabiwa kuwa mwenye tatizo, tumepima kabila lake.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa kupima usomaji. Kuanzia 2009 mpango wa Uwezo ulipeleka watu wa kujitolea majumbani katika Kenya, Tanzania na Uganda kuwapa watoto kifungu cha darasa la pili wakisome. Kupima nyumbani kulikuwa uamuzi wa busara sana, maana kunamkuta na yule ambaye shule ilishamrudisha. Kisha Kenya ikaanzisha mpango wa kusoma uitwao Tusome mwaka 2015 katika shule zote za msingi za umma, na maafisa wa kusaidia mtaala wakapewa vishikwambi. Afisa alikaa nyuma ya darasa, akaangalia somo, akampa mwalimu ushauri, halafu akawasikiliza wanafunzi watatu waliochaguliwa bila kupanga wakisoma. Matokeo yalipanda hadi kaunti na taifa. Naona hilo ni mojawapo ya mambo makubwa yaliyofanyika katika elimu ya msingi ya eneo letu, kwa sababu ziara ya afisa ilianza kuhusu kusoma badala ya kuhusu kitabu cha wageni.

Ila watatu kati ya hamsini wanatosha kumpima mwalimu. Hawatoshi kumpata mtoto. Wastani wa darasa unaweza kupanda vizuri huku watoto wawili walewale wakibaki sifuri kuanzia Januari hadi Novemba. Yeyote anayeshika takwimu za usomaji, kabla ya kuangalia wastani, aombe orodha ya sifuri, kwa majina, na aulize kama majina ya muhula huu ni ya muhula uliopita. Swali hilo halihitaji fedha mpya. Majibu yamo katika madaftari ambayo tayari yapo.

Madaftari mengine hatuyafikirii kabisa kuwa takwimu. Tanzania, ambako kiboko bado kinaruhusiwa shuleni kwa masharti, kanuni zinataka kila adhabu iandikwe. Mwalimu mkuu akilifungua daftari hilo na kutafuta majina yanayojirudia, mkononi atakuwa na orodha ya watoto ambao shule haijawaelewa. Nina hakika humo mna mtoto mwenye ADHD aliyechapwa kwa kusimama ovyo, tena na tena, kwa kosa ambalo fimbo haijawahi kulitibu. Jina la mtoto likionekana mara ya tano kwa kosa lilelile, daftari linatoa ushahidi kuhusu dawa iliyotumika. Kenya imepiga marufuku viboko, lakini orodha za wanaotolewa nje, wanaorudishwa nyumbani, wanaoletewa wazazi, zinasema jambo lilelile.

Njia ya kuandika yenye msaada zaidi ni ya safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Na saa, na siku. Tuseme yupo mvulana wa darasa la nne anayejulikana shule nzima kwa fujo: anaziba masikio, anapiga kelele, anakimbia nje. Ukiandika “alifanya fujo” mara kumi una malalamiko kumi. Ukiandika kilichotangulia, baada ya wiki tatu unaona kitu. Fujo zake nyingi ziliangukia siku za mvua, paa la mabati lilipokuwa likinguruma, na nyingine wakati wa kuhamisha madawati. Hakuna hata moja iliyotokea katika masomo yanayofundishwa nje, chini ya mwembe. Sasa mwalimu ana la kufanya: kiti cha pembeni, kitu cha kuzibia masikio, ruhusa ya kwenda ofisini kwa utulivu mvua inapoanza, neno la onyo kabla ya madawati kusogezwa. Halafu anaendelea kuandika, ili ajue kama limesaidia. Hajahitaji kujua jina la hali ya mtoto. Jina lije likipatikana, kwa daktari, kwa mama, kwa mtoto mwenyewe atakapokua, msaada usilisubiri.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya foleni. Kenya ilianza vituo vyake vya upimaji wa kielimu, EARC, mwaka 1984, na KISE ya kuwafunza walimu wa elimu maalumu ikafuata 1986. Ni jambo la kujivunia, na nchi nyingi za bara hili hazikuwa na kitu kama hicho wakati huo. Lakini kituo kimoja kinahudumia eneo kubwa, na nauli ya kwenda na kurudi na mtoto ni ya mzazi. Mama anayefunga kibanda chake siku nzima kumpeleka mwanawe kupimwa anastahili kurudi na kitu zaidi ya mhuri. Ripoti inayosema “apelekwe kitengo maalumu” na kuishia hapo haijamwambia mwalimu lolote. Ingeandikwa: anasoma vizuri maneno yakitengwa kwa mistari mipana, akipewa maagizo matatu kwa pamoja hulishika la kwanza tu, akiruhusiwa kusimama nyuma ya darasa humaliza kazi yake. Mistari mitatu ya namna hiyo ina thamani kuliko kurasa tano za alama.

Na iandikwe ikijua nani ataisoma. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inaziweka habari za afya katika kundi la habari nyeti na kutaka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Tanzania ilipata sheria yake mwaka 2022. Wakati huohuo, katika makundi ya WhatsApp ya darasa, orodha za alama hutumwa zikiwa na majina, na mzazi wa mtoto wa mwisho huisoma pamoja na majirani zake wote. Mtoto ambaye usonji wake umetangazwa hivyo hawezi kuurudisha kimya. Safu tatu za mwalimu zikae katika droo yenye ufunguo, zisomwe na wanaofundisha, na mzazi awe na haki ya kuziona na kuzisahihisha.

Jambo la mwisho limekosekana katika kila zana niliyoitaja. Maswali kumi ya Kilifi yalimwuliza mzazi. Sensa ilimwuliza mwenye nyumba. Seti ya UNICEF na Kundi la Washington humwuliza mama au mlezi. Binet, Uwezo na Tusome walimpa mtoto kazi ya kufanya, na mwalimu wa safu tatu anamtazama. Hakuna aliyemwuliza. Mtoto wa miaka minane au tisa anaweza kusema ni somo gani linamchosha, ni sauti gani inamuumiza, anataka kukaa na nani, na ni mwalimu yupi akifundisha anaelewa. Asiyeongea anaweza kuonyesha kwa picha, au kwa kuchagua kati ya viti viwili. Majibu hayo yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe katika ukurasa wa kwanza wa faili, yawekewe tarehe, na aulizwe tena kila muhula. Faili hilo lipande naye darasa. Mwalimu mpya wa Januari alisome kabla hajapanga nani atakaa wapi.